Maisha ya Bwana Christian Dior, na Waliokalia Kiti Chake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, kama ilivyo desturi ya kila muhula. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya wafalme, wasafiri na wavumbuzi. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha ushoni, nimemchagua mtu wa nguo. Wanafunzi wangu huliona jina la Dior juu ya mikoba, miwani na chupa za manukato (nyingi katika hizo, naogopa kusema, hazikupata kuiona Ufaransa hata siku moja), na wengi wao hudhani kuwa ni jina la kiwanda. Kumbe ni jina la mtu, tena mtu aliyefanya kazi chini ya jina lake mwenyewe kwa muda usiotimia hata miaka 11, kisha akafa. Tangu hapo watu 7 wameteuliwa mmoja baada ya mwingine kukalia kiti chake, bila kuwahesabu walioshika zamu kwa muda mfupi, na kila mmoja ametakiwa kubuni nguo zake mwenyewe na kuzitia jina la marehemu. Naona ni kazi ngumu kupita kiasi, na ndiyo iliyonifanya nitake kuandika.

Bwana Christian Dior alizaliwa tarehe 21 Januari, 1905, katika mji wa Granville, kwenye pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Baba yake, Bwana Maurice Dior, alikuwa tajiri wa viwanda vya mbolea, na inasimuliwa ya kuwa upepo ulipovuma kutoka upande wa viwanda, wenyeji walisema kwa mzaha kwamba leo mji unanuka Dior. Mama yake, Bibi Madeleine, alikuwa mpenzi mkubwa wa bustani. Nyumba yao ilikuwa juu ya jabali linaloitazama bahari, na huko juu, penye upepo wa chumvi, mama huyu alipanda waridi na maua mengine mengi. Mtoto Christian alijifunza majina ya maua kwa kukariri orodha za wauzaji wa mbegu, kama watoto wengine wakaririvyo majina ya wachezaji wa mpira. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana nguo zilizompa sifa baadaye zilifananishwa na maua.

Wazazi wake walitaka awe balozi. Yeye alipenda michoro, muziki na majengo. Basi ili kuwaridhisha akaingia mwaka 1923 katika chuo cha mambo ya siasa mjini Paris, lakini huko alikaa zaidi na wachoraji na wanamuziki kuliko na vitabu vyake, akatoka bila ya kufika mahali walipotaka afike. Mwaka 1928 baba yake alikubali kumpa fedha afungue duka la kuuzia picha za sanaa pamoja na rafiki yake, Bwana Jacques Bonjean. Lakini alipewa sharti moja: jina la ukoo lisiandikwe juu ya mlango. Kwa watu wa daraja lao ilikuwa aibu jina la Dior kuonekana juu ya duka.

Kila mwaka hunijia mzazi mmoja au wawili kuniuliza kwa nini mtoto mwenye akili timamu apoteze wakati wake kwa sindano na mkasi. Siwalaumu, kwani wanaogopa njaa. Nami huwajibu ya kuwa hata Bwana Maurice Dior aliogopa, ila yeye aliogopa fedheha.

Mambo yalikuja kugeuka upesi. Katika mwaka 1931 ndugu mmoja wa Christian alishikwa na ugonjwa wa akili usiopona, mama yake akafariki, na baba yake, aliyekuwa ameingiza mali yake katika biashara ya viwanja na majengo, akafilisika katika msukosuko ule wa uchumi ulioenea duniani kote. Duka la picha likafungwa. Mwaka 1934 Christian mwenyewe akaugua kifua kikuu, na marafiki zake ndio waliochanga fedha za kumpeleka kutibiwa. Aliporudi Paris alikuwa na umri wa miaka 30, hana nyumba, hana kazi, na baba na wadogo wanamtazamia. Rafiki mmoja mchoraji alimfundisha kuchora mitindo ya kofia na magauni. Akawa akizungusha michoro yake mlango kwa mlango, akiuza mmoja mmoja, hata mwaka 1938 alipopata kazi ya kudumu kwa Bwana Robert Piguet, mwenye nyumba ya mitindo. Kwa hiyo aliianza kazi hii akiwa mtu mzima, wala hakuwa fundi wa kushona. Alijua kuchora, na alijifunza mengine kwa kutazama mikono ya mafundi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliitwa jeshini. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, alikwenda kijiji cha Callian, upande wa kusini, akalima mboga pamoja na baba yake na dada yake mdogo, Catherine. Mwishoni mwa mwaka 1941 alirudi Paris, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, akaajiriwa na Bwana Lucien Lelong pamoja na kijana mwingine mwenye kipaji, Pierre Balmain. Bwana Lelong alikuwa kiongozi wa chama cha wenye nyumba za mitindo, na ndiye aliyebishana na Wajerumani walipotaka kuihamishia kazi yote hiyo Berlin na Vienna. Alishinda, na maelfu ya washonaji wakabaki na kazi zao.

Lakini hapa pana jambo gumu ambalo si haki kulificha. Katika miaka hiyo miongoni mwa wanunuzi wa magauni Paris walikuwamo wake wa maofisa wa Kijerumani na Wafaransa waliojitajirisha kwa kushirikiana nao. Bwana Dior alichora nguo za nyumba iliyowavika watu wa namna hiyo. Wakati huo huo Catherine alikuwa mpelelezi katika jeshi la siri la wapinga Wajerumani, na mara nyingine alilala katika nyumba ya kaka yake pale Paris. Mwezi wa Julai 1944 alikamatwa, akateswa, asitaje jina la mwenzake hata mmoja, akapelekwa kambi ya Ravensbrück. Kaka yake aligonga kila mlango aliodhani utafunguka ili aokolewe, lakini hakufaulu. Catherine alirudi Mei 1945, amekonda hata kaka yake asiweze kumtambua kwa urahisi. Manukato ya kwanza ya nyumba ya Dior, yaliyotoka mwaka 1947, yanaitwa Miss Dior kwa ajili yake. Wasichana wanaojipaka manukato hayo siku ya mahafali huenda wasijue kuwa yametajwa kwa mwanamke aliyetoka kambini.

Sasa nije kwenye kiti chenyewe. Mwaka 1946 Bwana Marcel Boussac, aliyeitwa mfalme wa pamba kwa wingi wa viwanda vyake vya nguo, alikuwa na nyumba moja ya mitindo iliyozeeka, akatafuta mtu wa kuifufua. Wakampelekea Bwana Dior. Naye, mtu mnene, mwenye haya, aliyependa waaguzi na bahati, alimwambia tajiri huyu ya kuwa hakutaka kufufua maiti, bali alitaka nyumba mpya kwa jina lake mwenyewe, ndogo, yenye ushoni wa hali ya juu kabisa. Kabla ya kuamua alijikwaa njiani juu ya nyota ya chuma, akaiokota akaona ni ishara njema; nyota hiyo aliitunza maisha yake yote. Bwana Boussac alikubali. Nyumba ikafunguliwa nambari 30, barabara ya Montaigne, ikiwa na wafanyakazi kama 85. Hivyo jina lililokatazwa kuandikwa juu ya duka la picha likaandikwa juu ya mlango katika mtaa wa fahari wa Paris. Baba yake, aliyeishi hata mwishoni mwa mwaka 1946, hakuliona onyesho la kwanza.

Onyesho hilo lilikuwa tarehe 12 Februari, 1947, siku ya baridi kali, katika mwaka ambao makaa na mkate bado ni vya kupimiwa. Yalitoka mavazi 90. Mabega yalikuwa laini, kiuno kimebanwa, nyonga zimetiwa pamba ndani zipate kuvimba, na sketi imefunguka hata chini ya muundi. Lililo maarufu kuliko yote ni koti la hariri rangi ya maziwa juu ya sketi nyeusi yenye marinda. Bibi Carmel Snow, mhariri wa Harper's Bazaar la Marekani, aliyaita mavazi hayo mtindo mpya, na jina hilo likashika dunia nzima.

Kwa mtu wa ushoni, tofauti iko katika kitambaa. Wakati wa vita sketi zilikuwa fupi na nyembamba kwa kuwa nguo ilitolewa kwa kadi. Sasa gauni moja la Bwana Dior liliweza kula yadi 15 au 20. Katika Uingereza, ambako kadi za nguo ziliendelea hata mwaka 1949, serikali ilichukizwa na kuwasihi wanawake wasifuate. Mjini Paris kwenyewe, wasichana waliovalishwa magauni hayo ili wapigwe picha penye soko la mtaa wa Lepic walishambuliwa na akina mama wenye hasira, nguo ikachanwa mwilini. Katika Marekani wanawake waliunda vyama vya kupinga sketi ndefu. Mimi nawaelewa akina mama wale wa Lepic. Aliyekaa miaka 7 akigeuza shati la mume kuwa blauzi ya mtoto hawezi kufurahi kuona marinda ya yadi 20. Hata hivyo katika muda wa miaka miwili au mitatu karibu wote walikuwa wameongeza pindo. Na tusisahau kuwa aliyelipia onyesho lile alikuwa muuza vitambaa.

Ningependa kueleza namna kazi ilivyofanyika, maana hapo ndipo wengi hukosea wakidhani mbunifu ni mtu akaaye peke yake na kalamu. Mara mbili kwa mwaka Bwana Dior alijitenga shamba akachora mamia ya michoro midogo. Michoro ilipelekwa kwa wakuu wa vyumba vya ushoni, nao wakaitafsiri kwa kitambaa cheupe cha pamba kisicho na urembo wowote, kama ile amerikani yetu ya dukani. Kielelezo hicho kilivalishwa msichana, kikatazamwa, kikapigwa bandi, kikafumuliwa, hata mstari ukakaa sawa. Ndipo kitambaa chenyewe kilipochaguliwa na kukatwa. Wanawake watatu walimsaidia katika kila hatua: Bibi Raymonde Zehnacker aliyesimamia chumba cha michoro, Bibi Marguerite Carré aliyejua ushoni wote, na Bibi Mitzah Bricard wa kofia na mapambo. Hawa ndio waliojua kwa nini mkono wa koti la Dior hukaa vile. Kijana aliyeitwa Pierre Cardin alifanya kazi katika chumba cha makoti miaka ya mwanzo, kisha akaenda kuanza nyumba yake.

Kila msimu Bwana Dior alitoa umbo jipya na kulipa jina, mathalani umbo la herufi H mwaka 1954, na A, kisha Y, mwaka 1955. Sifa zikaenea. Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alivaa gauni lake kwa kutimiza miaka 21, mwaka 1951. Jina likaanza kukodishwa kwa watengenezaji wa soksi, tai na glavu, jambo ambalo wenye nyumba nyingine waliliona kuwa la kudhalilisha, kisha wakaliiga. Bibi Chanel, aliyefungua tena nyumba yake mwaka 1954, hakuficha dharau yake kwa mwanamume anayewafunga wanawake viuno; nami katika jambo hilo niko upande wa Bibi Chanel, kwa kuwa nguo ni ya kuvaliwa na mtu anayepumua.

Tarehe 24 Oktoba, 1957, alipokuwa amekwenda mapumzikoni Montecatini, Italia, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 52. Akazikwa Callian.

Nyumba sasa ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,000 na haina mwenyewe. Bwana Boussac alifikiri kuifunga. Wasimamizi walimshauri asiifunge, wakamweka kitini msaidizi wa marehemu, kijana mwembamba mwenye miwani, mzaliwa wa Oran katika Algeria, jina lake Yves Saint Laurent. Alikuwa na umri wa miaka 21. Yasemekana Bwana Dior alikuwa amekwisha kumdokezea mama wa kijana huyu ya kuwa ndiye atakayemrithi, na mama akastaajabu, maana tajiri wake hakuwa mzee. Mwezi wa Januari 1958 kijana huyu alitoa magauni yaliyoachia kiuno na kupanuka kuelekea chini. Watu walishangilia, magazeti yakasema Ufaransa imeokoka. Ajabu ni kwamba alimheshimu bwana wake kwa kulegeza kile ambacho bwana wake alikibana.

Lakini mwaka 1960 alizidi. Alitoa makoti ya ngozi nyeusi na fulana za shingo ndefu kwa mfano wa vijana wa mikahawani, na wanunuzi, mabibi wa makamo, hawakupendezwa. Muda si muda akaitwa jeshini, wakati wa vita vya Algeria, nchi aliyozaliwa. Huko alivunjika moyo hata akalazwa katika hospitali ya jeshi. Alipotoka alikuta kiti kina mtu mwingine. Alishitaki, akapewa fidia, na mwaka 1961 akaanzisha nyumba yake pamoja na Bwana Pierre Bergé. Katika mwaka 1967 alitoa magauni ya shanga na ukindu kwa mfano wa sanaa za Afrika. Ingekuwaje kama angalibaki akitumikia jina la mwingine?

Mtu mwingine huyo alikuwa Bwana Marc Bohan, ambaye hatajwi sana, nami naona amedhulumiwa. Alikaa kitini kutoka mwaka 1960 hata 1989, miaka 29, karibu mara tatu ya Bwana Dior mwenyewe. Yeye naye alipitia kwa Bwana Piguet katika ujana wake. Alishona nguo nyembamba, tulivu, za kuvalika, akaiona biashara ya Boussac ikianguka na nyumba ikinunuliwa mwaka 1984 na Bwana Bernard Arnault, naye akaondolewa. Hakutupa makoti ya ngozi mbele ya watu, ndiyo sababu vitabu humpa ukurasa mmoja.

Baada yake alikuja Bwana Gianfranco Ferré, Mwitalia aliyesomea ujenzi wa majumba; Wafaransa walinung'unika, kisha wakampa tuzo ya kastabini ya dhahabu kwa onyesho lake la kwanza. Alitoka mwaka 1996, akaingia Bwana John Galliano, mzaliwa wa Gibraltar aliyekulia London. Onyesho lake la kwanza la ushoni wa fahari, Januari 1997, lilikuja miaka 50 barabara baada ya lile la kwanza, na humo baadhi ya magauni yalivalishwa shanga za shingo na kifua kwa mfano wa shanga za Wamasai. Nimezitazama picha hizo mara nyingi. Kazi ni nzuri, siwezi kukana. Ila akina mama wa Kimasai, ambao mpangilio ule wa rangi ni wao kwa vizazi, wangalistahili kutajwa majina yao kama alivyotajwa Bwana Dior. Galliano alifukuzwa mwaka 2011 kwa maneno ya chuki juu ya Wayahudi aliyoyatamka mkahawani, na mahakama ya Paris ikamtia hatiani.

Mwaka 2012 aliteuliwa Bwana Raf Simons, Mbelgiji, aliyejaza maua halisi katika kuta za vyumba vya onyesho lake la kwanza. Hakukaa miaka minne. Alilalamika kwamba mavazi yalitakiwa kwa haraka mno. Bwana Dior alitoa mavazi mara mbili kwa mwaka na akachoka. Huyu alidaiwa mara sita. Mwaka 2016 akaja Bibi Maria Grazia Chiuri kutoka Italia, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Katika onyesho lake la kwanza alitoa fulana iliyoandikwa jina la insha ya Bibi Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, na mwaka 2019, mjini Marrakech, alitoa mavazi ya vitambaa vya jamii ya vitenge vilivyotengenezwa na kiwanda cha Uniwax cha Abidjan, na safari hii kiwanda kilitajwa. Kiuno cha koti la mwaka 1947 alikitoa pamba na kukilegeza, mwanamke apate kukaa na kuinama.

Alitoka mwaka 2025. Mwaka huo huo kiti kikapewa Bwana Jonathan Anderson wa Ireland ya Kaskazini, naye akakabidhiwa mavazi ya wanawake na ya wanaume pamoja.